Picha za mafunzo mtaani: ridhaa ni yako, si ya mwenyekiti

Kila wanafunzi wetu wa uuguzi wanapokwenda mitaani kwa mafunzo ya afya ya jamii, malalamiko hutufikia: "Vijana wenu wanapiga picha vyoo vyetu wakaombee misaada." Hapana, na tumeshalieleza hili mara nyingi. Picha hizo hujadiliwa darasani.

Mwanafunzi mmoja alirudi na dodoso lenye alama ya vema: kaya ina kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia mikono linaloinamishwa kwa kamba ya kukanyagia. Picha yake ikasema vingine. Udongo chini ya dumu ulikuwa mkavu, na buibui alishatanda utando wake hadi kwenye kamba ya kukanyagia. Swali likaacha kuwa "wanacho?", likawa "maji wanachota wapi, na nani anayachota?" Muuguzi aliyezoea kuuliza hivyo hatamkaripia mama kliniki kwa sababu mtoto anaharisha.

Miaka ya 1990, huko Yunnan, China, watafiti Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwakabidhi kamera wanawake wa vijijini wenyewe. Nasi tunapendelea mwenyeji ndiye ashike simu na kupiga picha.

Sasa utaratibu, tafadhali usomeni wote. Mwenyekiti wa mtaa huruhusu kundi kuingia mtaani. Hana mamlaka juu ya sura yako. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, taarifa za afya na za watoto ni nyeti. Ridhaa ya kuzitumia hutolewa kabla, kwa maandishi, na unaweza kuiondoa wakati wowote bila kueleza sababu wala kulipa. Kwa mtoto, husaini mzazi au mlezi. Asiyesoma asomewe fomu mbele ya mtu anayemwamini. Anayefichua taarifa hizo kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya shilingi 100,000 hadi milioni 20, kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili.

Nanyi wanafunzi: picha ya nyumba ya mtu haiwekwi status. Kumziba macho kwa mstari mweusi hakutoshi. Jirani humtambua mtu kwa kanga yake na mlango wake.

Mwananchi, ukikataa, huduma yako kliniki haipungui. Ukikubali, iangalie picha kabla mwanafunzi hajaondoka. Usipoipenda, ifutwe palepale mbele yako, pamoja na nakala inayobaki kwenye picha zilizofutwa.