Bafa chafu ni nini katika kerneli ya Linux?

Programu inapoandika kwenye faili, data haiendi moja kwa moja diskini. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huipokea kwanza kwenye kumbukumbu (RAM), katika bafa, yaani hifadhi ya muda, ambayo kwa kompyuta nyingi hushikwa kwa kurasa za baiti 4096, na papo hapo huijibu programu kwamba kazi imekwisha. Tangu hapo hadi data ifike diskini, bafa hiyo huitwa chafu. Kwa mpangilio wa kawaida yaweza kukaa hivyo sekunde 30 au zaidi kidogo, na umeme ukikatika katikati, data imepotea. Ndiyo maana hifadhidata huita fsync, yaani huitaka kerneli iandike bafa zote chafu za faili husika na isijibu mpaka diski ithibitishe.

Hali hiyo hutunzwa kwa alama ndogo tu: chafu au safi. Hitilafu zinazotisha zaidi ni zile ambapo alama inadanganya. Mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, walibaini kwamba diski ikishindwa kuandika, Linux iliweza kurudisha kosa mara moja, kisha bafa ikabaki na alama ya safi ilhali data haikufika popote. PostgreSQL ilipoita fsync mara ya pili, kerneli haikukuta chochote kichafu, ikajibu kuwa mambo ni salama. Nayo hifadhidata, kwa kuamini jibu hilo, iliweza kuachilia kumbukumbu za miamala, yaani rekodi za mabadiliko zilizoandikwa kando, ambazo ndizo zingeiokoa data.

Kuiacha bafa ikiwa chafu baada ya diski kushindwa nako kuna madhara, kwa kuwa mtu akichomoa flashi kabla ya wakati, bafa zake hazitaandikika kamwe na zingerundikana hadi kumbukumbu ijae. Linux 4.13 ya mwaka 2017 ilikuwa tayari imeboresha utunzaji wa makosa, ili kila programu iliyofungua faili ipate taarifa yake, badala ya kosa kumezwa na wa kwanza kuuliza. PostgreSQL nayo ilirekebishwa mwaka 2019: fsync ikishindwa, inajizima na kuijenga data upya kutoka kumbukumbu za miamala. Ni hatua kali, lakini naiona ndiyo ya haki kwa mwenye data.

Anayerekebisha msimbo wa aina hii aanze na njia ya kushindwa, ambayo ndiyo hujaribiwa kwa nadra. Linux ina dm-flakey, diski bandia inayoweza kuamriwa ikatae kuandika: andika humo, ita fsync mara mbili, kisha linganisha kinachosomwa kutoka kwenye bafa na kilichomo diskini.