Laptopu ya 2006 Ninayoibeba Kwenda Kusoma Kanda za Harusi

Kwenye meza yangu ya kazi, ghorofa ya pili karibu na Luthuli Avenue jijini Nairobi, kuna Dell Inspiron 9400. Ni mashine ya mwaka 2006, pana kama sinia, uzito wake kilo tatu na nusu hivi bila chaja. Wateja huiona wakadhani inasubiri kuuzwa vipuri. Wakinikuta naifunga kwenye begi ili nipande nayo matatu, ndipo wanauliza: ya nini?

Laptopu za aina hii hazikuundwa za kupakatwa. Zilikusudiwa kuchukua nafasi ya kompyuta ya mezani, zikae sebuleni, familia itazame filamu na kusikiliza muziki. Ndiyo maana skrini ni ya inchi 17, na yangu ina pikseli 1920 kwa 1200. Laptopu nyingi za bei ya chini zilizouzwa miaka mingi baadaye hazikufika hapo. Zile pikseli za ziada kwenda chini utazifurahia ukisoma PDF au ukifanya hesabu kwenye lahajedwali. Chini ya mashine kuna spika ndogo ya besi. Kuna kitufe cha kucheza DVD bila hata kuwasha Windows. Halafu kuna matundu: USB sita, milango ya kutolea picha ya VGA, DVI na S-Video, mlango wa kadi za kamera, na pembeni kabisa kitundu kidogo cha pini nne ambacho vijana wengi wanaokuja kujifunza ufundi kwangu hawajawahi kukitumia.

Hicho kitundu ni FireWire, mlango wa kuunganishia kamera za video za zamani, na ndicho kinachonilisha.

Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya 2000, wapiga video wengi wa harusi, mazishi na ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) walitumia kamera za kanda ndogo za MiniDV. Picha kwenye kanda hiyo tayari ni ya dijitali, megabiti 25 kwa sekunde, kwa hiyo kanda ya saa moja inakula takriban GB 13. Wengi huleta kanda hizi zikiwa zimeshanakiliwa mahali pengine kwa kile kifaa cha USB chenye nyaya za njano, nyeupe na nyekundu. Kwa njia hiyo kamera hugeuza dijitali kuwa analogi, kisha kifaa kinaigeuza tena kuwa dijitali. Rangi hufifia, kingo za nyuso huwa kama zimelowa maji. FireWire haigeuzi kitu. Inachukua data ileile iliyoandikwa kwenye kanda na kuiweka kwenye diski.

Unaweza kutia kadi ya FireWire kwenye kompyuta ya mezani, na ni njia nzuri. Lakini kompyuta ya mezani huwezi kwenda nayo mtaani Kayole.

Na mimi naenda. Mwezi uliopita mama mmoja alikuja dukani mikono mitupu. Akaniambia, "Kijana wangu, kanda ninazo, lakini hazitoki nyumbani. Nilipeleka moja kwa duka fulani, hadi leo naambiwa inatafutwa." Nikamwambia, "Basi mama, nitakuja mimi." Jumamosi nikafika na laptopu, kamera ya kusomea, na waya. Kanda tatu alizitoa kwenye kopo la biskuti, zimefungwa kwa leso.

Kanda iliyolala miaka mingi haichezwi hivyo hivyo tu. Kwanza niliipeleka mbele hadi mwisho, nikairudisha mwanzo, ili utepe ulegee na kujikunja upya sawasawa. Nikasafisha kichwa cha kamera kwa kanda kavu ya kusafishia, sekunde chache tu, kwa sababu ukizidisha unakila kichwa chenyewe. Kisha nikafungua dvgrab, programu ya mfumo wa Linux ambayo naipenda kuliko nyingi zenye sura nzuri. MiniDV huandika tarehe na saa ndani ya kila fremu, na dvgrab inaweza kukata faili kila mahali mpiga picha aliposimamisha kamera, na kuandikia kila faili jina la tarehe na saa yake. Mama alikuwa amesahau hata mwaka. Faili la kwanza lilipotokea likasoma 2005.12.17, akanyamaza kidogo, akasema, "Jumamosi. Mvua ilitunyeshea asubuhi."

Kunakili huenda kwa mwendo wa kanda: saa moja ya kanda ni saa moja ya kukaa. Hapo ndipo niliona mashine hii ikifanya kazi iliyozaliwa kuifanya. Watoto, majirani na shangazi mmoja walijaa kwenye kochi, na kila mmoja aliiona skrini bila kusukumana. Marehemu mumewe aliposimama kutoa shukrani, sauti ilitoka kwenye spika zile ikajaza chumba. Hakuna aliyeniomba niongeze.

Sasa niseme nilivyoitengeneza, maana kama ilivyonifikia isingeweza. Ilikuja na prosesa ya Core Duo, ambayo ni ya biti 32 tu, na dunia ya biti 32 inafungwa: Debian 13, toleo la Linux lililotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Bahati ni kwamba prosesa hapa haijachomelewa kwenye bodi. Nilisasisha BIOS, programu ya bodi inayoiwasha mashine, nikang'oa prosesa ile, nikapachika Core 2 Duo T7200, ya biti 64, iliyotoka kwenye laptopu iliyovunjika skrini. Nilipokuwa nimeifungua nikatoa vumbi kwenye feni na kubadilisha pesti ya kupitisha joto la prosesa, iliyokuwa imekauka kama chokaa. Memori niliweka GB 4, ingawa chipu za bodi huruhusu kutumika kama 3.25 tu. SSD ya GB 120 ndiyo iliyoleta tofauti kubwa kuliko vyote. SATA, njia ya kuunganishia diski, ya enzi hizo inaishia gigabiti 1.5 kwa sekunde, lakini anayesubiri mashine iwake hapimi kasi hiyo. Anapima kama chai imepoa. Betri mpya niliinunua kwa sababu moja: stima ikipotea katikati ya kanda, sitaki kuanza upya.

Kwa mambo mengine sitakudanganya. YouTube ya 1080p inailemea, kwani kadi yake ya picha haijui mifumo ya kubana video inayotumika leo, na prosesa inabeba mzigo wote. Kwa 480p inaenda. Windows 11 isahau. Kuandika, kusoma, DVD, muziki, barua pepe, kumfundisha mtoto kuchapa: hayo inafanya vizuri. Kama unataka laptopu moja tu ya shule au kazi, tafuta ThinkPad ya mtumba ya miaka ya karibuni, nyepesi, inayokaa na chaji.

Lakini ukikutana na mojawapo ya hizi pana pale mjini, usipite. Iwashe na utazame skrini dakika tano nzima. Taa zake ni za mirija midogo kama ya ukutani, zikichoka skrini huanza na wekundu, na ikiwa wekundu hauondoki, punguza bei au iache. Hakikisha inakuja na chaja yake yenyewe, kwani hizi Dell husoma pini ya katikati ya chaja. Isipoitambua, betri haichaji na prosesa hupunguzwa mwendo. Mwisho, fungua trei ya DVD uone inatoka na kufungika vizuri, kisha tafuta kile kitundu cha pini nne upande wa matundu. Nenda na waya wa FireWire na kamera yako ikiwa na kanda ndani. Muuzaji akikukataza kujaribu hapo hapo, rudi na waya wako nyumbani.