Kwa nini tunachoma dawa ndani ya kidonda cha mbwa

Swali ninaloulizwa kuliko yote, hata na wauguzi, ni hili: mtu kang'atwa na mbwa, chanjo ya kichaa cha mbwa ameshachomwa begani, sasa imunoglobulini, yaani dawa ya kingamwili zilizo tayari, ya nini tena, na kwa nini iingizwe kwenye kidonda chenyewe ambacho tayari kinamuuma?

Jibu liko kwenye njia anayopita adui. Tukilinganishe na kingine: kirusi cha polio, kikitoka tumboni, hupita kwanza kwenye damu ndipo kifike uti wa mgongo. Dorothy Horstmann na David Bodian walilionyesha hilo mwaka 1952, kila mmoja kwa utafiti wake, na hapo ikaeleweka kwa nini hata kingamwili chache (protini za mwili zinazonasa vijidudu) ndani ya damu humkinga mtu na kupooza. Kirusi cha kichaa cha mbwa hakina haja ya damu. Huingia kwenye msuli uliong'atwa, hunasa ncha ya neva, kisha hupanda ndani ya neva hiyohiyo hadi uti wa mgongo na ubongo. Mara nyingi dalili hutokea baada ya miezi 2 au 3. Muda wote huo kinga ya mwili haina habari, na wagonjwa wengi huanza kuugua damu yao ikiwa bado haina kingamwili yoyote dhidi yake. Hata zikija, kizuizi kati ya damu na ubongo hupitisha chache mno, chini ya asilimia 1.

Basi pa kupigania ni pale kidondani, kabla neva haijanaswa. Kirusi hiki kina protini moja tu inayojitokeza nje, tunayoiita G, na ndiyo kinayoshikia neva. Kingamwili ikiigandama, kirusi hakina mkono. Lakini chanjo huhitaji kama wiki moja au mbili kuufundisha mwili kuzitengeneza, na siku hizo ndizo imunoglobulini inazoziba: ni kingamwili zilizokwisha kutengenezwa na mtu au farasi aliyechanjwa.

Ushahidi uliowashawishi madaktari ulitoka Iran mwaka 1954, mbwamwitu mmoja alipong'ata watu 29. Miongoni mwa walioumizwa vibaya kichwani, 5 walipata chanjo peke yake na 3 kati yao wakafa. Waliopewa chanjo pamoja na seramu, yaani maji ya damu yenye kingamwili, walikuwa 13, alikufa 1. Idadi ni ndogo, nakubali, lakini hakuna daktari mwenye akili timamu ambaye angerudia jaribio hilo.

Kutokana na hayo, kanuni zetu zinaeleweka zenyewe. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, maana kirusi kilichooshwa hakihitaji kingamwili. Imunoglobulini iingie ndani na kandokando ya kidonda, kadiri nyama inavyoruhusu, hata kama ni kidole. Kipimo kifuate uzito wa mgonjwa, kwa sababu ikizidi huizuia chanjo kufanya kazi. Zikipita siku 7 tangu chanjo ya kwanza, haitolewi tena; mwili umeshaanza kujitengenezea. Na tafadhali, sindano ya pepopunda haizuii kichaa cha mbwa. Wapo wanaochomwa hiyo tu wakarudi nyumbani wametulia.

Je, kirusi kikishaingia ubongoni, kingamwili hazina la kufanya? Hapa ndipo kazi yangu inaponinyima usingizi. Mwaka 1991 Beth Levine, Diane Griffin na wenzao walichukua panya wasio na kinga, walioambukizwa kirusi kingine kinachoingia kwenye neva, kiitwacho Sindbis, wakawapa kingamwili peke yake. Kirusi kikatoweka kwenye neva, na neva zenyewe hazikuuawa. Kwa kichaa cha mbwa kikwazo ni kwamba kirusi kikali hukiacha kile kizuizi cha ubongo kimefungwa. Panya walioambukizwa kirusi kilichodhoofishwa, kizuizi chao hulegea, seli B, zile za kinga zinazotengeneza kingamwili, zikaingia na kutengeneza kingamwili humohumo ubongoni, nao wakapona. Namna ya kukilegeza kwa binadamu bila kuuvimbisha ubongo wake bado haijapatikana.