Usiniguse: Rizal na loji za Madrid

Kila nikifundisha habari za José Rizal, mwandishi na shujaa wa taifa la Ufilipino, na kufika kwenye Ufrimasoni, chama cha kindugu chenye matawi yaitwayo loji, darasa hucheka, kisha mtu huuliza: "Kwa hiyo mwalimu, alikuwa anatafuta utajiri?" Neno Frimasoni tumelizoea kwenye uvumi wa vijiweni, wa kafara na magari ya kifahari. Pesa za ghafla alizowahi kuzipata Rizal zilitoka kwenye bahati nasibu ya serikali, tena akiwa uhamishoni Dapitan, kusini mwa Ufilipino.

Aliondoka Manila mwaka 1882 kwenda kusomea udaktari Hispania, na mwaka uliofuata akajiunga na loji ya Acacia jijini Madrid. Kuelewa kwa nini, tazama alikotoka. Ufilipino ya wakati huo, koloni la Hispania, ilikuwa mikononi mwa watawa wa Kihispania: parokia zao, shule zao, hata ardhi. Familia yake ilikodi mashamba ya Wadominiko huko Calamba, na baadaye ikafukuzwa. Mwaka 1872 mapadri watatu wazalendo, Gómez, Burgos na Zamora, walinyongwa hadharani kwa tuhuma za uasi. Paciano, kaka yake Rizal, alikuwa mtu wa karibu wa Burgos.

Frimasoni wa Hispania nao walikuwa wakigombana na nguvu hizohizo za makasisi. Isitoshe, ndani ya loji kijana wa koloni lisilo na hata mbunge mmoja aliitwa "ndugu" na Wahispania wenyewe, akiwemo Miguel Morayta, profesa wa historia aliyekuja kuwa mkuu wa Gran Oriente Español, muungano wa loji za Hispania. Nyumbani, nani angemwita hivyo?

Kila mwanachama alichagua jina la loji. Rizal alijiita Dimasalang, yaani "asiyegusika" kwa Kitagalogi. Riwaya yake iliyochapwa Berlin mwaka 1887 inaitwa *Noli Me Tangere*, Kilatini cha "usiniguse". Jina hilohilo la loji alilitumia pia kutia sahihi makala zake katika La Solidaridad, gazeti la Wafilipino waliodai mageuzi.

Hata hivyo naona wengi wanamkuza Rizal mno katika jambo hili. Alipewa daraja la ufundi mkuu, la tatu katika Ufrimasoni, tarehe 15 Novemba 1890, katika loji ya Solidaridad, lakini aliyezigeuza loji kuwa mtandao wa siasa ni Marcelo H. del Pilar, mhariri wa La Solidaridad. Mbegu ilirudi nyumbani: loji ya Nilad ilianzishwa Manila Januari 1892. Julai mwaka huohuo Andrés Bonifacio, naye Frimasoni, aliunda Katipunan, chama cha siri cha mapinduzi kilichoazima viapo na taratibu za kumwingiza mwanachama mpya moja kwa moja kutoka lojini.

Rizal aliuawa na wakoloni kwa kupigwa risasi katika uwanja wa Bagumbayan, Manila, asubuhi ya tarehe 30 Desemba 1896. Hati ya toba ya kurudi Kanisa Katoliki inayodaiwa kuwa aliitia sahihi usiku wa kuamkia siku hiyo ilionekana mwaka 1935 katika nyaraka za jimbo kuu la Manila, na wanahistoria bado wanavutana kama mwandiko ni wake. Mimi wanafunzi huwaambia waisome kwanza. Ni fupi sana. Yaliyo kinyume na Kanisa katika maandishi yake yanakanwa kwa jumla tu, riwaya zake hazitajwi. Ufrimasoni umetajwa kwa jina.