Je, wajua kwa nini buti mpya za mlima huchubua kisigino?

Buti za kupandia Kilimanjaro zikitoka dukani huwa bado hazijawa tayari kwa mlima, hata ziwe za bei kubwa kiasi gani. Anayezinunua Jumatano na kuingia lango la Machame Ijumaa anaweza kuota lengelenge kisiginoni kabla hajamaliza msitu, na mbele yake kuna siku tano au sita za kutembea.

Chanzo kikubwa ni soli. Ndani yake kuna kipande kigumu cha plastiki au chuma kinachozuia mawe yasiumize unyayo. Unapopiga hatua kisigino kinataka kunyanyuka, lakini soli mpya haipindi upesi, kwa hiyo buti inabaki nyuma kidogo. Pengo lenyewe ni la milimita chache. Ila hata kwa mwendo wa polepole kila kisigino hunyanyuka zaidi ya mara elfu moja kwa saa, na kila mara mfupa unasogea huku ngozi ya juu imeng'ang'aniwa na soksi. Matabaka ya ngozi huvutana mpaka yakaachana, maji yakajaa katikati. Jasho huzidisha mambo, maana ngozi yenye unyevu hunata kwenye soksi kuliko ngozi kavu.

Ngozi ya buti nayo ni nyuzi zilizosukana kwa kubana. Joto la mguu, unyevu kidogo na kupindwapindwa ndivyo vinavyozilegeza, tena pale hasa vidole vyako vinapokunjia. Kwa hiyo kumwazima mdogo wako avae "azilainishe" hakukusaidii: mikunjo itakaa mahali pa mguu wake.

Jambo moja lifahamike mapema: mazoezi hayarefushi buti fupi. Nenda dukani jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa shughuli za siku, na uvae soksi zilezile za kupandia. Sufu ni bora. Pamba hunyonya jasho na kubaki nalo. Ukiwa hujafunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse ncha. Nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja cha mkono. Kisha funga kamba vizuri na ushuke ngazi au mteremko wowote. Dole gumba likigusa mbele, achana na hiyo buti. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi lango la Mweka ni mteremko wa zaidi ya mita 4,000, na wengi huushuka kwa siku mbili tu. Kucha zinazogonga ncha njia nzima huwa nyeusi, na baadaye hung'oka.

Upe mguu wiki nne. Wiki ya kwanza vaa nyumbani, saa moja au mbili kila jioni, juu ya sakafu safi, ili duka likikubali kubadilisha urudishe buti isiyo na vumbi. Wiki ya pili toka nazo: sokoni, kazini, kanisani ukipenda. Ya tatu tafuta kilima na ubebe begi la kilo tano hivi kwa saa tatu. Wa Moshi wanayo njia ya maporomoko ya Materuni, yenye tope na miinuko. Wa Arusha wapande Suye au Themi. Wiki ya mwisho tembea saa tano, siku mbili mfululizo, kwa sababu siku ya pili ndiyo inayofichua penye kasoro. Usikwepe mteremko. Na si buti tu inayozoea: ngozi ya mguu nayo hukomaa ikisuguliwa kidogo kidogo.

Kamba zinastahili uangalifu kuliko wengi wanavyozipa. Gonga kisigino chini kwanza ili kikae nyuma kabisa ya buti. Kaza kiasi juu ya vidole. Ukifika pale mguu unapokunja kuelekea kwenye ugoko, zungusha kamba mbili mara mbili badala ya mara moja, vuta, ndipo uendelee na ndoano za juu. Msokoto huo haulegei, na kisigino hakipandi tena. Wakati wa kupanda acha ndoano za juu ziwe na nafasi kidogo. Wakati wa kushuka kaza zote.

Ukihisi sehemu inawaka, simama hapohapo, hata kundi likikuacha hatua mia. Vua, kausha, bandika plasta pana isiyo na mikunjo, badilisha soksi. Ukingoja kituo cha mapumziko utakuta lengelenge limeshajaa.

Wapo wanaoloweka buti kwenye ndoo kisha wakazianika kando ya jiko la mkaa. Ngozi ikikaushwa kwa moto hukakamaa na kupasuka, na gundi ya soli huachia. Buti iliyolowa itolewe soli ya ndani, ijazwe magazeti, iwekwe kivulini penye upepo. Mafuta ya ngozi paka kwa uchache. Yakizidi, sehemu ya kifundo hulegea na mguu unakosa mhimili. Kama panabana sehemu moja tu, mfano kidole kidogo, fundi viatu anaweza kupatanua hapo kwa kibao chenye umbo la mguu.

Kwa anayenunua mtumba pale soko la Memorial, Moshi, au anayekodi, kuna hatari nyingine. Sponji ya katikati ya soli, hasa ile ya poliurethani, huliwa na unyevu wa hewa hata buti ikiwa kabatini bila kuvaliwa. Kwa macho inaonekana mpya kabisa. Ibonyeze kwa ukucha pembeni, kisha pinda soli kwa mikono miwili. Ikionyesha nyufa au ikitoa unga, irudishe mezani. Buti ya namna hiyo huachia soli nzima mawe yakianza. Sponji ikiwa nzima fundi anaweza kubandika soli upya. Ikishameguka, gundi haina pa kushika.