Si fedha inayoipa kengele sauti tamu

Fundi mmoja wa Katwe, Kampala, aliniapia kuwa kengele ya kanisa hulia vizuri kwa sababu imetiwa madini ya fedha. Wengi huamini hivyo, kumbe fedha huifubaza sauti. Kengele ni shaba nyekundu, kama asilimia 78, na bati asilimia 22 hivi. Nasema madini ya bati, si mabati ya paa! Bati hilo huifanya ngumu, hata ikianguka huweza kupasuka kama chungu. Noti ya mlio wake hutokana na ukubwa, umbo na unene. Mafundi huikwangua kwa ndani kidogo kidogo hadi ikae sawa. Wakizidisha, hakuna kurudisha. Ile ringi ya lori inayoning'inia mwembeni kanisani kijijini badala ya kengele ni chuma, haina umbo la kengele wala haikukwanguliwa na mtu, ndiyo maana hulia kavu, ingawa waumini huisikia vilevile.