Mwanamke mfanyabiashara wa Kiarabu: mali yake, saini ya nani?

Ukimzungumzia mwanamke mfanyabiashara wa Kiarabu, tenganisha mambo mawili: kumiliki mali na kuiendesha. La kwanza si geni. Kwa sheria ya Kiislamu mahari ya mwanamke, fungu lake la mirathi na alichochuma ni vyake. Akiolewa, mali haihamii kwa mume, na hata mke akiwa tajiri, matumizi ya nyumba yanabaki juu ya mume. Uingereza mke alisubiri hadi sheria ya 1882 ndipo akawa na haki kamili ya namna hiyo.

La pili ndilo lenye historia ndefu. Bi Khadija bint Khuwaylid wa Makka hakufuatana na misafara. Alitoa mtaji, akawapa wanaume bidhaa waende nazo Sham (eneo la Syria na jirani zake), na faida wakagawana. Mmoja wao alikuwa Muhammad (SAW) kabla ya utume, akisafiri pamoja na Maysara, mtumishi wa Bi Khadija.

Mpango wa namna hiyo ndio mudharaba. Tuseme mama mmoja ametoa shilingi milioni 10 na wamekubaliana faida igawanywe 60 kwa 40. Ikipatikana faida ya milioni 2, yeye huchukua 1,200,000 na mtendaji 800,000. Ikiwa ni hasara isiyo ya uzembe wala udanganyifu, fedha iliyopotea ni ya mwenye mtaji. Mtendaji amepoteza jasho lake. Benki za Kiislamu, za Tanzania na Kenya zikiwemo, bado zina akaunti za mudharaba.

Angalia lakini nani alimchagua nani. Wakala wa Bi Khadija alikuwa chaguo lake. Saudi Arabia ya karne ya 20 iligeuza mambo: mwanamke aliyetaka kufungua biashara alihitaji ridhaa ya mlezi wa kiume, yaani baba, mume, kaka, pengine hata mtoto wake wa kiume. Mara nyingi alihitaji pia mwanamume wa kumwakilisha kwenye ofisi za serikali. Sharti la ridhaa ya mlezi liliondolewa 2018.

Wakati huo wote fedha zilikuwepo, tena nyingi, na mabenki yalilijua hilo mapema. Kuanzia miaka ya 1980 yakafungua matawi ya wanawake watupu, wateja na wafanyakazi. Sidhani yalisukumwa na huruma. Zilikuwa amana zinazotafutwa. Ila kwa njia hiyo wasichana waliosoma hesabu wakapata ajira ambayo haikuwepo.

Majina makubwa mengi yamepitia mlango wa familia. Lubna Olayan wa Saudi Arabia alipanda hadi kuongoza kampuni ya fedha ya kundi la makampuni lililoanzishwa na baba yake, Suliman Olayan, mwaka 1947. Mwaka 2004 alitoa hotuba ya ufunguzi kwenye Jukwaa la Uchumi la Jeddah mbele ya wanaume na wanawake, na mufti mkuu akakemea hadharani mchanganyiko ule. Mwaka uliofuata wanawake wawili, Lama Al-Sulaiman na Nashwa Taher, walishinda viti kwenye bodi ya Chemba ya Biashara ya Jeddah. Mwaka 2017 Sarah Al-Suhaimi akawa mwenyekiti wa soko la hisa la nchi hiyo.

Wengi zaidi hawana baba wa aina hiyo. Hao huuza bukhuri, mabuibui, keki na vyakula vya harusi kutoka nyumbani, oda zikiingia kwa Instagram au WhatsApp. Ukienda Muscat au Kuwait utawakuta tele. Kazi yao nyingi haionekani kwenye hesabu za taifa, ingawa ndiyo inayolipa ada za shule.

Na umiliki wenyewe, ulioandikwa waziwazi kwenye sheria, huvuja ndani ya familia. Baba anapofariki, binti huombwa awaachie kaka zake fungu lake, na kukataa huonekana utovu wa adabu. Jordan iliweka kizuizi: mahakama haipokei hati ya kuachia mirathi mpaka miezi mitatu ipite tangu kifo, ili binti asitiwe kalamu mkononi angali kwenye msiba.